Stima Imekatwa, Miche Iko Kitaluni: Kisa cha Pampu Moja ya Mpunga Huko Kano

Asubuhi hiyo ya Julai nilijua mambo yameharibika hata kabla sijashuka kwenye pikipiki. Pampu ya pale mtoni ina mvumo unaousikia ukiwa bado barabarani. Siku hiyo nilisikia ndege tu. Wakulima kama ishirini walikuwa wamekaa chini ya mti kando ya nyumba ya mashine, wanawake upande wao na wanaume upande wao, na opareta amejifungia ndani kana kwamba yeye ndiye aliyekata stima. Mama mmoja wa bloki ya mwisho alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akasema kwa upole uliouma kuliko matusi: "Mwalimu, miche yangu ina siku ishirini na mbili. Nikaiambie isubiri?"

Nilikuwa afisa wa kilimo wa wadi, miaka ya kwanza ya ugatuzi, serikali za kaunti zilipoanza, katika nyanda za Kano upande wa Ahero, karibu na Kisumu, Kenya. Kikundi chenyewe sikitaji, na tarakimu zake nimezikata kidogo ili hesabu ifuatike. Ninaandika kwa ajili ya vijana wanaosomea usimamizi wa maendeleo ya vijijini. Wanapokuja kwetu kwa mafunzo ya nyanjani huniuliza jinsi ya kuandika maombi ya ufadhili. Sijapata hata mmoja aliyeniuliza kuhusu bili.

Hali ilivyokuwa

Skimu, yaani mradi wetu wa umwagiliaji, ilikuwa na ekari 180, zimegawanywa bloki sita za ekari 30 kila moja, kuanzia A hadi F. Bloki A imepakana na pampu. F iko huko mwisho wa mfereji, karibu kilomita tatu, mahali ambapo maji yakifika huwa yamechoka. Ada ilikuwa Sh 3,000 kwa ekari kwa msimu, sawa kwa wote. Opareta alilipwa kwa mpunga, debe kwa kila ekari iliyovunwa. Deni la stima lilikuwa limefika kama Sh 820,000 katika misimu miwili. Kampuni ilikuwa imetuma ilani mara tatu, na zote tatu tulizikuta kwenye droo ya mweka hazina, zimekunjwa vizuri kabisa. Hakuwa mwizi. Aliogopa kuzisoma mbele ya mkutano, basi.

Kwa nini siku ishirini na mbili ziwe habari? Miche ya mpunga hupandikizwa ikiwa na wiki tatu hadi nne. Ikikaa kitaluni zaidi ya hapo, machipukizi hupungua, na hakuna mbolea itakayokurudishia. Kwa hiyo tulikuwa na wiki moja hivi ya kufanya uamuzi ambao kikundi kilikuwa kimeukwepa kwa misimu miwili.

Jambo hili lina babu yake hapa hapa Kano. Skimu ya serikali ya Ahero ilianza kulimwa mwaka 1969, kila mpangaji akipewa ekari 4, na maji yakivutwa kwa pampu kutoka mto Nyando. Miaka ya 1970 ikafuata West Kano, ambayo huvuta yake kutoka ziwa Victoria. Ukienda Mwea, kwenye mashamba ya mpunga ya Kirinyaga, utakuta maji ya Thiba na Nyamindi yanateremka yenyewe mferejini, usiku na mchana, bila mita inayozunguka. Kwetu kila tone lina bei. Ndiyo maana karibu na mwaka 2000 Ahero ilisimama, bili za stima zikiwa mojawapo ya sababu kubwa, mashamba yakaota magugu, na ikafufuliwa miaka kadhaa baadaye kwa pesa za serikali. Wazee waliokaa chini ya ule mti walikumbuka yote hayo. Baadhi yao walikuwa wamelima Ahero wakiwa vijana. Na somo walilotoka nalo huko, nieleweke vizuri, lilikuwa hili: pampu ikizimwa, mwishowe serikali huja.

Hesabu ambayo hakuna aliyewahi kuipiga

Ada ya Sh 3,000 ilitoka wapi? Niliwauliza viongozi mmoja mmoja. Mwenyekiti, mzee mwenye heshima zake ambaye wote tulimwita Jaduong', aliniambia ilipangwa kwa kuangalia "watu wanaweza nini". Jibu la huruma, ila mita ya stima haijui huruma.

Fuata hesabu, maana ndiyo nguzo ya kisa hiki. Mpunga unaokaa majini hutaka maji ya kina cha kama mita moja kwa msimu, na ekari ina mita za mraba zipatazo 4,000. Ni mita za ujazo 4,000 kwa ekari, mvua ikiwa imeadimika kama ilivyokuwa ule mwaka. Mfereji wetu wa udongo ulikuwa ukipoteza, kwa makadirio yangu, asilimia 40 njiani. Kwa hiyo pampu ilibidi ivute kama 6,700 ili 4,000 zifike. Kupandisha mita za ujazo 367 kwa kimo cha mita moja hula yuniti moja ya stima, kama mashine haina upotevu wowote. Kimo chetu kilikuwa mita 8. Zidisha, gawanya: yuniti 146. Lakini mashine yetu ilikuwa kuukuu, ikitumia vizuri nusu tu ya stima iliyopewa, kwa hiyo hesabu yuniti 290. Yuniti wakati ule, pamoja na kodi na makato, ilikuwa inatukaribia Sh 20.

Sh 5,800 kwa ekari. Ada Sh 3,000.

Yaani hata kila mwanachama angelipa hadi senti ya mwisho, skimu ingezama tu, ila polepole. Na stima iliyokuwa ikitumika kila msimu ilitosha kunywesha kama ekari 120. Zile 60 za mwisho zilikuwa zikipata mabaki. Nilipiga hesabu hiyo nyuma ya bahasha nikiwa nimekaa juu ya bomba, na nakiri nilikuwa nimefanya kazi katika wadi ile mwaka mzima bila kuipiga. Nilikuwa nimefundisha nafasi ya kupandia, kupalilia, hata kilimo shadidi, kile cha kunywesha na kukausha kwa zamu kilichoanza kujaribiwa Mwea mwaka 2009. Bei ya maji nilidhani ni kazi ya mtu mwingine.

Sehemu ya gharama haikuwa stima hata kidogo. Ilikuwa matope. Nyando hushuka na udongo wa milima ya Nandi na Kericho, na yeyote aliyeona maji ya Ghuba ya Winam baada ya mvua kubwa anajua rangi yake. Tope lile husaga feni ya pampu, kisha hulala mferejini. Mfereji uliojaa tope nusu hulazimisha pampu iungurume saa nyingi zaidi kwa maji yale yale. Nilipiga hesabu tena nikichukulia kwamba mfereji umezolewa na upotevu umeshuka hadi robo, na pampu imetengenezwa ikafikia asilimia 60: gharama ilishuka hadi karibu Sh 3,900 kwa ekari. Karibu Sh 1,900 zilikuwa zimelala chini ya mfereji na ndani ya mashine, zikisubiri majembe na fundi.

Daftari la risiti

Hapa ndipo nilipoaibika kidogo. Nilikwenda kwenye daftari la risiti nikiwa na jibu langu mfukoni tayari: wasiolipa ni wa mwisho, F na E, maskini, wajane, watu wasiofikiwa na maji. Ndivyo kamati ilivyokuwa ikisema. Ndivyo na mimi nilivyowaambia wakubwa wangu.

Msimu wa kwanza wa deni, bloki F ililipia ekari 27 kati ya 30. Bloki A ililipia 11.

Nililisoma mara mbili. Msimu wa pili F ilishuka hadi ekari 9, na A ikabaki 10. Kwa maneno mengine, wa mwisho walilipa kwa matumaini, maji hayakufika, wakaacha. Wa mwanzo wengi hawakuwahi kulipa. Na walipie nini? Mfereji mkuu unapita katikati ya mashamba yao. Pampu ikiwashwa kwa ajili ya yeyote, wao wamelowa. Kamati ilikuwa na uwezo wa kumnyima maji mtu wa F, ambaye hayapati hata hivyo, na haikuwa na namna ya kumnyima mtu wa A. Adhabu ilifika pale tu ambapo haikuwa na kazi.

Ukiulizwa kwenye mtihani ugawe deni la Sh 820,000 kwa ekari 180, utajibu Sh 4,555 kwa ekari na utapewa alama. Ndilo pendekezo lililokuwa mezani: harambee, kila ekari sawa. Mwenyekiti aliliona ni la haki, na kwa macho ya mtu wa bloki A lilikuwa la haki. Yule mama wa miche alikuwa na ekari mbili. Angetoa Sh 9,110 kulipia maji yaliyolowesha mashamba ya wengine, msimu ambao yeye alivuna mabua.

Kulikuwa na utata mwingine ambao daftari halikuuonyesha, nikaugundua kwa kutembea tu. Mashamba mengi ya A yalikuwa yamekodishwa. Mwenye shamba yuko Nairobi au Kisumu mjini, jina lake ndilo liko kwenye orodha ya wanachama, na anayelima ni mfanyabiashara wa Ahero aliyelipa kodi ya msimu. Ukimwendea mwenye jina anasema maji ni ya anayelima. Ukimwendea anayelima anasema ada ni ya mwenye shamba, yeye ameshalipa kodi. Wote wawili wanasema kweli kwa mujibu wa makubaliano yao ya mdomo, na bili inabaki katikati. Upande wa pili, kule F, wanaopanda na kupalilia ni wanawake ambao majina yao hayamo kwenye orodha kabisa, kwa sababu shamba ni la mume au la marehemu baba mkwe. Wanalipa ila hawapigi kura. Wanaopiga kura hawalipi. Sijui kama kuna kitabu cha sera kitakachokuonyesha hilo upesi kuliko kuulizia majirani, "Hapa analima nani?"

Njia zilizokuwa wazi, na ile tuliyoifuata

Niliandika barua kwa ofisi ya kaunti kuomba msaada wa bili. Nikajibiwa kwa adabu kwamba haiwezekani, na walikuwa sahihi. Msimamizi asiyejua kalenda ya bajeti ni kama mkulima asiyejua mvua huanza lini. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Barua yangu ilifika katikati ya Julai, wiki mbili baada ya mlango kufungwa. Na hata ningewahi, ningeomba kitu kibaya. Kaunti ingeweza kupanga kuzoa mfereji au kujenga malango ya saruji, kazi inayobaki hapo. Bili ya kikundi ni shimo lisilo na mwaka.

Kampuni ya stima ilikuwa tayari kupokea malipo kwa awamu, mradi tuanze na kiasi kikubwa. Wachache walitaka tuache stima tutafute sola. Niliwaambia ukweli: kwa ekari zile zote, mtaji ungekuwa wa mamilioni, nyumba ya pampu hufurikiwa na Nyando, na tatizo la bloki A lingebaki vilevile, jua likiwaka.

Tukaenda njia ya mkato. Mwanasiasa mmoja alialikwa, hema likapigwa, akatoa Sh 300,000 taslimu mbele ya umati, akasema mkulima wake hatalala gizani. Nilipiga makofi. Nilipiga makofi kwa moyo wote, tena. Kilichobaki kikawekwa kwenye awamu, na stima ikarudi siku ya 19 tangu ikatwe. Miche ya mama ilikuwa na siku 41. Waliozoea kuvuna magunia 20 kwa ekari walipata 13, wengine 14.

Msimu uliofuata ada ililipiwa ekari 51 kati ya 180. Nilipomuuliza kijana mmoja wa bloki B sababu, alinitazama kama mtu anayemhurumia mgeni. "Mwalimu, kwani mheshimiwa ameenda wapi?"

Stima ikakatwa tena.

Mara ya pili

Safari hii hakuna hema. Yule mama, ambaye kwa sheria za kikundi hakuwa mwanachama, ndiye aliyesema kwenye mkutano neno lililogeuza mambo: maji yaanzie mwisho. F inyweshwe kwanza, kisha E, D, hadi A. Mtu wa A akitaka maji yake yawahi, atahakikisha mfereji ni safi na walioko chini wamemaliza. Pakazuka kelele. Jaduong' alisimama akasema hajawahi kuona mtu akianza kula chakula kwa mfupa. Watu walicheka, na nilidhani pendekezo limekufa palepale.

Lililoliokoa lilinishangaza. Waliokubali kwanza walikuwa wale wafanyabiashara wanaokodi mashamba ya A, ambao mimi nilikuwa nimewahesabu kama maadui. Hao walikuwa na pesa ndani: kodi, trekta, mbegu, mbolea. Msimu wa miche kuzeeka uliwaumiza kuliko mtu yeyote. Walisema wako radhi kulipa ada kamili kabla ya msimu, hata ipande, mradi wapewe tarehe ya maji iliyoandikwa na isiyobadilika. Wakawabana wenye mashamba waandike kwenye karatasi ya kukodi nani analipa ada. Kwa hiyo ada ikapanda hadi Sh 4,000, ikikusanywa kwa bloki: bloki ikifikisha ekari 25 zilizolipiwa, lango lake linafunguliwa siku yake, isipofikisha, zamu inapita. Kila bloki ikapewa kipande chake cha mfereji cha kuzoa. Anayelima, mwanamke au mwanamume, mwenye shamba au mpangaji, akawa mwanachama mwenye kura ya mambo ya maji. Mambo ya ardhi yakabaki kwa wenye ardhi. Miaka michache baadaye Sheria ya Umwagiliaji ya 2019 ilivipa vyama vya watumiaji wa maji nafasi rasmi, nikafurahi kuona sisi tulikuwa tumeitangulia kidogo.

Haikwenda kama nyimbo za harusi. Kufuli la lango la B lilivunjwa mara mbili. Ukingo ulipasuliwa usiku karibu na C, na kila mtu alijua ni nani, na hakuna aliyetaja jina kwa sababu ni shemeji wa mtu. Bloki D ilishindwa kufikisha ekari 25 msimu wa kwanza, zamu ikaipita, na kati ya waliokosa maji walikuwemo watu kumi na zaidi waliokuwa wamelipa. Hilo bado linanisumbua. Sheria ya bloki hufanya jirani amkumbushe jirani, na vilevile humwadhibu mlipaji kwa kosa la mwenzake. Tulirudisha pesa zao, lakini huwezi kupanda risiti. Baadaye tuliruhusu waliobanwa walipe nusu kwa mpunga baada ya mavuno, tukakuta wanauza shambani kwa madalali usiku wa kuamkia siku ya kukusanya, na sikuweza kuwakasirikia sana. Bei ya mpunga wetu haipangwi Kano. Kwa miaka mingi Kenya iliagiza mchele mwingi kutoka Pakistan kwa ushuru wa asilimia 35 wakati kiwango cha pamoja cha Afrika Mashariki kilikuwa asilimia 75. Mla mchele wa mjini hupata nafuu, na mkulima wa pampu hushindana na bei hiyo huku akilipia kila tone. Kikundi cha ekari 180 hakina la kufanya hapo. Msimamizi anayesema "wakulima hawataki kulipa" ajue tu kwamba hesabu yao ina mstari ambao hauko kwenye daftari lake.

Deni lilikwisha baada ya misimu mitatu. Jaduong' aliendelea kuwa mwenyekiti, na ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote juu ya zamu, akidai lile lilikuwa wazo lake tangu mwanzo. Tulimwachia.

Usiku ambao maji yalifika F kwa tarehe iliyoandikwa kwa mara ya kwanza, simu yangu ililia saa tatu. Alikuwa yule mama. Nilijiweka sawa kupokea shukrani. Alitaka kujua ukingo uliokuwa umebomoka karibu na kitalu chake ni wa bloki F au wa E, kwa sababu watu wa E walikuwa wamesimama pale na majembe yao, maji yanatoka, na hawakuwa tayari kuchimba hata pigo moja kabla sijajibu.